Michirizi ya nyota juu ya vilima vya mchanga vya Shela: mwongozo kamili

Karibu kila mwongozo wa kupiga michirizi ya nyota, yaani picha za njia ambazo nyota huchora angani kamera ikiachwa kazini muda mrefu, huanza kwa amri moja: itafute nyota ya kaskazini, ielekezee kamera, nyingine zote zitaizunguka. Amri hiyo inamfaa aliye Morocco au Arizona. Aliye Lamu ataitafuta nyota hiyo mpaka adhana ya alfajiri. Kisiwa kiko nyuzi 2 na robo kusini ya ikweta, na jaa, kama manahodha walivyoiita, huku haichomozi kamwe. Waliokuwa wakisafiri na kusi kwenda Arabuni ndio walioiona ikiibuka majini baada ya kuivuka ikweta.

Huku tuna kitovu kingine, cha kusini, na kwa Lamu kimekaa nyuzi 2 tu juu ya upeo wa bahari: ukinyoosha mkono, ni upana wa kidole gumba. Hakina nyota angavu ya kukionyesha, lakini anga lote la kusini hukizunguka. Na ukisimama juu ya vilima vya mchanga nyuma ya ufuo wa kijiji cha Shela ukatazama kusini, mbele yako hakuna mji wala bandari, ni Bahari ya Hindi tupu. Kwa hiyo picha ya hapa ni ya nusu duara, zinazotoka majini kushoto, zikapanda, zikashuka majini kulia, na mchanga ukiwa chini yake. Mpiga picha wa jangwa la Sahara hawezi kuipata hata akikesha mwezi mzima. Maamuzi mengine yote, ya usiku gani, lenzi gani, usimame wapi, yanafuata hapo.

Anga la huku linavyokwenda

Dunia hujizungusha nyuzi 15 kila saa. Ukiacha kamera saa mbili, kila nyota itachora kipande cha nyuzi 30 cha duara lake. Hakuna haja ya kungoja saa kumi na mbili nusu duara ikamilike, maana nyota ni nyingi na vipande vyake hupokezana, na jicho humalizia lenyewe. Kwa upande wa kusini saa mbili hadi tatu zinatosha. Ukizidisha hapo michirizi inasongamana na anga linafanana na kitambaa kilichokwaruzwa.

Upande wa mashariki mambo ni mengine. Nyota zinazochomoza mashariki kabisa hupanda wima, kama mtu anayepanda mnazi. Zilizo kushoto huinama kuelekea kaskazini na zilizo kulia huinama kusini, hivyo picha ya lenzi pana hufanana na mabano mawili yaliyopeana mgongo na mstari ulionyooka katikati. Dakika 45 hadi saa moja ndizo zinazopendeza kwa upande huu. Mwezi wa Novemba, kwenye saa mbili usiku, nyota tatu za mkanda wa Orion huchomoza hapo hapo katikati na kupanda wima hadi utosini.

Kwa kusini, nyota ya kuipangia picha ni Suheli (Canopus), ya pili kwa kung'aa usiku baada ya Sirius. Duara lake ni la nyuzi 37 kutoka kwenye kitovu, kwa hiyo kilele chake Lamu ni nyuzi 40 hivi juu ya bahari. Februari hufika kileleni kwenye saa tatu usiku au baada yake kidogo, na wakati huo huo Msalaba wa Kusini unaanza kuchomoza kusini-mashariki, umelala ubavu. Msalaba ukisimama wima, mstari wake mrefu unashuka moja kwa moja kwenye kitovu: urefu wake mara nne na nusu, na hapo ndipo kusini. Usiku usio na Msalaba, tumia dira. Pwani hii sindano ya dira inaikaribia kusini halisi kiasi kwamba, kwa lenzi pana, tofauti haina maana.

Kuchagua usiku

Kalenda ya kufuata ni ya mwezi mwandamo. Kati ya tarehe 26 na tarehe 3 ya mwezi wa Kiislamu, usiku una giza la kutosha tangu jioni. Kuanzia tarehe 22 hivi mwezi hutoka karibu na saa sita usiku au baadaye, kwa hiyo unazo saa nne za giza kabla yake. Tarehe 14 usijisumbue, isipokuwa unataka mchanga mweupe kama mchana na nyota chache tu.

Kuna usiku mwingine ambao wengi hawaufikirii: tarehe 5 au 6. Hilali imenenepa kidogo, iko magharibi, na ukitazama kusini magharibi ni kuliani. Mwanga wake unaupiga mchanga kutoka ubavuni, mawimbi madogo ya upepo yanaonekana moja moja, kisha mwezi unazama saa nne au saa tano na kukuachia giza. Kwa anayeanza, usiku huu ni rahisi kuliko usiku wa giza totoro, kwa sababu anaona anapokanyaga na mchanga unajiwasha wenyewe.

Sasa jambo ambalo mgeni hukosea. Giza la mwezi mwandamo huja na bamvu, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida. Siku hizo maji hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, jioni na tena alfajiri, na kupwa hasa ni kwenye saa nne au tano za usiku. Ukiondoka kijijini kabla ya magharibi kwa njia ya ufuo, unaweza kukuta maji yamefika kwenye miguu ya vilima na njia ni nyembamba. Ukirudi saa sita, ufuo ni mpana kama uwanja. Ukikesha mpaka saa kumi alfajiri, unarudi kule kule kwa maji yaliyojaa. Muulize mvuvi yeyote jioni hiyo. Hatahitaji kufungua simu kukujibu.

Miezi bora ni Januari na Februari, wakati wa kaskazi, mvua ni adimu na mawingu machache. Aprili hadi Juni ni masika, achana nayo. Julai hadi Septemba kusi huvuma kwa nguvu, mawingu hupita na vimvua vya ghafla, na mchanga huruka mpaka kwenye meno ya lenzi. Usiku mzuri huwepo, lakini lazima uutafute.

Jua huzama karibu na saa kumi na mbili na nusu, Novemba mapema zaidi kwa dakika ishirini na kitu. Karibu na ikweta giza huingia haraka: baada ya saa moja na robo kila kitu ni cheusi. Uwe umesimamisha kamera na kuipangia picha mwanga ukiwepo. Kupanga picha gizani ni kubahatisha.

Vifaa

Kamera yoyote inayokubali kuendeshwa kwa mkono, yaani hali ya M, na kukaa wazi sekunde 30, inafaa. Lenzi ndiyo inayoamua. Kuipata nusu duara yote ya Suheli unahitaji upana usiopungua nyuzi 75, na lenzi ya 24mm kwenye kamera ya sensa (kipokea mwanga) kubwa, ile ya full-frame, hupungukiwa kidogo, maana huchukua nyuzi 74. 16mm au 20mm ni bora. Kwa kamera ya sensa ndogo (APS-C), ile lenzi ya 18mm inayouzwa pamoja nayo inachukua nyuzi 66 kwa upana. Suheli itatoka nje ya fremu pande zote mbili, lakini Msalaba wa Kusini na jirani zake watabaki ndani.

Vingine vya kubeba:

- Tripodi nzito. Ile nyepesi ya plastiki haifai kwenye upepo wa ufukweni.
- Rimoti ya waya yenye kitufe kinachojifunga, au yenye saa ya kupanga vipindi. Ya waya tu ni rahisi na haiharibiki.
- Betri mbili zilizojaa, au pawabenki inayolisha kamera moja kwa moja.
- Memori kadi ya GB 32. Picha 218 za RAW (faili ghafi za kamera), ambazo ni kazi ya saa mbili, kwa kamera ya pikseli milioni 24 ni kama GB 6.
- Mkanda wa kupasha lenzi joto, unaotumia USB. Pawabenki ya mAh 10,000 huuendesha saa tano hivi.
- Tochi ya kichwani yenye taa nyekundu, na tochi ndogo ya manjano ya kumulikia mchanga.
- Vipande vitatu vya ubao, sentimita 15 kwa 15. Fundi seremala yeyote wa Lamu anavyo kwenye takataka zake.
- Mpira wa kupulizia vumbi, brashi laini, kitambaa kikavu, na mifuko ya nailoni.

Vipande vya ubao ni vya kuweka chini ya miguu ya tripodi. Wengi hufikiria vifuu vya nazi kwanza, lakini kifuu kina tako la mviringo, kinacheza, na tripodi inayocheza kwa saa mbili haitoi nusu duara, inatoa mstari wa mtoto anayejifunza kuandika.

Simu za kisasa zina programu ya michirizi ya nyota na baadhi zinafanya vizuri kwa picha ya kutazamwa kwenye kioo cha simu. Mwongozo huu ni wa kamera.

Kufika na kusimama

Kutoka mji wa Lamu hadi Shela ni kilomita 3 hivi, dakika 40 kwa miguu au boti ya haraka. Ufuo unaanzia mwisho wa kijiji na kukunja kusini-magharibi, kilomita 12 kuelekea Kipungani. Tembea angalau nusu saa kutoka nyumba za mwisho, taa za hoteli zibaki nyuma yako, kisha panda vilimani. Mji wa Lamu uko kaskazini, na bandari mpya ya Magogoni iko mbali zaidi upande huo huo. Mwanga wao hauingii kwenye fremu ya kusini. Linaloweza kuingia ni karabai za wavuvi, na hizo zikisogea huchora mstari juu ya maji ambao watu wengine huupenda.

Usiende peke yako. Ufuo ni mtupu na mrefu, na kamera ni pesa. Chukua vijana wawili wa Shela wanaojulikana, waambie wenye nyumba unapolala mtarudi saa ngapi, na uulize mchana kama kuna amri yoyote ya usalama inayozuia kutembea usiku. Lamu amri hizo zimewahi kuwepo.

Vilima hivyo vina kazi kubwa kuliko kupigwa picha. Maji ya mvua huchujwa na mchanga ule na kuwa maji matamu ambayo mji wa Lamu huyanywa. Usichimbe, usiwashe moto, usivunje mimea inayoushikilia mchanga, na kila chupa uliyokwenda nayo urudi nayo. Chini ufuoni, taa nyekundu tu: kasa hupanda kutaga kwenye fuo za ukanda huu, na mwanga mweupe huwarudisha majini.

Simama upande wa kaskazini wa kilima ili mgongo wake uwe kati yako na bahari. Hakikisha upeo wa bahari unaonekana mahali fulani, hata kwa upana wa kiganja, kwa sababu hapo ndipo kitovu kilipo na mtazamaji anataka kukiona. Fika kwa kuzunguka nyuma. Nyayo kwenye mchanga, mwanga wa pembeni ukizipiga, huwa mashimo meusi, na hakuna programu itakayozifuta bila kuacha alama. Waambie na wenzako, maana mara nyingi picha huharibiwa na yule aliyeenda kutazama bahari.

Ukitaka chombo mbele ya picha, achana na kilichotia nanga: kinayumba na kitatoka ukungu mtupu. Tafuta dau lililokaa kwenye mchanga maji yakipwa, mbele ya kijiji upande wa mkondo. Siku za bamvu linakaa kimya takriban kuanzia saa tatu hadi saa sita usiku. Omba ruhusa kwa mwenyewe.

Kuweka kamera, hatua kwa hatua

Kabla ya yote, kama chumba chako kina kiyoyozi, toa begi la kamera nje kwenye kiwanja saa moja kabla ya kuondoka, likiwa limefungwa. Lenzi baridi ikikutana na hewa ya Lamu hutoka jasho papo hapo, ndani na nje, na jasho la ndani hulifuti kwa kitambaa.

1. Bonyeza vipande vya ubao kwenye mchanga mpaka vikae imara, ndipo uweke miguu ya tripodi. Miguu iwe mifupi iwezekanavyo, nguzo ya katikati isipandishwe. Ning'iniza mfuko wa mchanga, ila ugusane na ardhi. Mfuko unaoning'inia hewani upepo huubembeza, na tripodi hubembea nao.

2. Ondoa mkanda wa shingoni. Zima kitulizi cha mtikisiko kwenye lenzi na kwenye kamera. Kikiwa juu ya tripodi hutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuuzua.

3. Panga picha: upeo wa bahari uwe kwenye sehemu ya chini, robo au moja ya tano ya fremu, na kusini pawe katikati au kidogo kando. Hakikisha kamera haijainama upande. Bahari iliyopinda huonekana hata na asiyejua picha.

4. Dakika 25 hadi 35 baada ya jua kuzama, piga picha tatu nne za mchanga pekee kwa ISO (wepesi wa kupokea mwanga) 100 au 200 na tundu la lenzi f/8. Hizi ni akiba. Baada ya hapo tripodi isiguswe tena.

5. Nyota zikitokea, weka fokasi kwa mkono. Fungua kioo cha nyuma, kuza mara 10 juu ya nyota angavu, zungusha pete taratibu mpaka nyota iwe nukta ndogo kabisa, ipite, uirudishe. Alama ya mwisho kwenye lenzi si ya kuaminiwa. Kisha gandisha pete kwa utepe.

6. Weka RAW, joto la rangi 4000K, tundu f/2.8, ISO 1600, sekunde 30. Kwa lenzi ya f/3.5, ISO 3200. Ukiwa na hilali ya tarehe 5, f/4 na ISO 800. Piga moja ujaribu. Kilima cha histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye kioo cha kamera, kikae robo hadi theluthi kutoka kushoto. Kikibana ukutani kushoto, mchanga umezama gizani.

7. Zima usafishaji wa chenga wa picha ndefu (Long Exposure Noise Reduction). Hili peke yake limeharibu usiku wa watu wengi. Likiwa limewashwa, kila baada ya sekunde 30 kamera hukaa sekunde nyingine 30 ikipiga giza, na michirizi inakuwa vistari vilivyokatika kama mshono wa mkono.

8. Zima kuonyesha picha baada ya kupiga, na zima kujizima kwa kamera. Kwenye kamera za kioo cha kuakisi (DSLR), ziba tundu la kutazamia: mwanga wa tochi huingia kwa nyuma.

9. Weka hali ya kupiga mfululizo, funga kitufe cha rimoti, na uiache. Kamera itapiga moja baada ya nyingine bila nafasi. Kwa saa moja zinatoka kama picha 109, kwa saa mbili 218.

Hesabu hiyo ya 109 badala ya 120 ina sababu yake. Kamera nyingi zikiandika sekunde 30, shata hukaa wazi sekunde 32, na sekunde moja nyingine hupotea kuhifadhi. Anayetumia kipanga vipindi cha ndani ya kamera akaandika 31, kamera inakuta bado iko kazini, inaruka zamu, na pengo la nusu dakika linatokea kila mara. Andika 33, na kama bado inaruka, 34.

Pengo linaruhusiwa kiasi gani? Kwa lenzi ya 24mm na sensa kubwa ya pikseli milioni 24, nyota husogea pikseli moja kila sekunde 3 na nusu hivi. Pengo la sekunde moja halionekani. Kubadili betri kwa sekunde 20 huacha tundu la karibu pikseli 6, linaloonekana ukikuza. Badili haraka, na usiguse pete.

Mkanda wa joto uufunge kwenye shingo ya lenzi tangu mwanzo, usingoje ukungu. Kila nusu saa mulika kioo cha lenzi kwa taa nyekundu, kwa upande, ukikinga na kiganja. Na angalia miguu ya tripodi: kaa wa mchangani hutoka usiku na hupenda kuchimba pale pale palipobonyezwa.

Mwishoni, kabla ya kuzima, funika lenzi na upige picha 10 hadi 15 za giza kwa ISO ile ile na muda ule ule. Usiku wa Lamu una joto, na sensa ya moto hutoa vidoti vyekundu na vya buluu vingi kuliko jangwa baridi. Picha hizi ndizo zitakazovitoa.

Kumulika mchanga

Kama hakuna mwezi, mchanga utatoka mweusi. Tumia tochi ya manjano, tena kidogo. Simama mita 10 hivi pembeni mwa fremu, shusha mkono karibu na ardhi, na mwanga uukwaruze mchanga kwa sekunde 5 katika picha moja tu kati ya zote. Kumulika kutoka nyuma ya kamera huua mawimbi yote na mchanga unakuwa bapa kama unga. Mwanga ukizidi, rudi mbali au elekeza tochi kwenye kanzu nyeupe ya mwenzako na uache uakisi. Fanya hivyo mwanzoni, ili ukikosea urudie kwenye picha inayofuata.

Kuunganisha

Wazo ni rahisi: programu huzipanga picha moja juu ya nyingine, na kwa kila pikseli huchagua iliyong'aa zaidi. Nyota ikihama, mahali mapya panashinda giza, na mchirizi unarefuka. StarStaX ni ya bure na hufanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Photoshop nayo inaweza, kwa kuweka tabaka zote kwenye hali ya Lighten.

Rekebisha picha moja ya RAW, kisha nakili marekebisho yale yale kwa zote: joto la rangi, kivuli cha pembe za lenzi, weusi kidogo. Usiongeze ukali wa kingo. Kila nyota itapata duara jeusi, na duara hizo 218 zikipangana utaona mchirizi wenye mpaka. Zitoe kama JPEG za ubora wa juu, ingiza na zile za giza mahali pake, chagua hali ya kuziba mapengo, na uache ikimbie.

Ndege na satelaiti hushughulikiwa kabla ya kuunganisha. Fungua ile picha yenye mstari wa ndege na uupake rangi nyeusi. Weusi haushindi kamwe, kwa hiyo mstari hautaingia kwenye picha ya mwisho, na nyota zilizofunikwa kwa sekunde 30 zitazibwa na majirani. Kimondo kiache.

Picha za akiba za jioni huwekwa mwisho, kwa ajili ya mchanga tu. Zikiwa na mwanga mwingi kuliko anga, picha inanuka uongo. Ziteremshe mpaka mchanga uwe mweusi kidogo kuliko unavyotamani.

Ukiona hivi, sababu ni hii

Michirizi yenye mawimbi: tripodi imezama au imebembezwa. Michirizi minene isiyo na ncha: fokasi imehama, mara nyingi kwa sababu pete haikugandishwa. Anga linalofifia taratibu kuelekea mwisho wa usiku na nyota kuvimba: ukungu kwenye lenzi, au chumvi. Ufutaji wa chumvi uanze kwa kitambaa chenye maji matamu kidogo, usifute kikavu, punje za mchanga zitakwaruza kioo. Mng'ao wa rangi ya chungwa upande mmoja: taa za mji, geuza kamera nyuzi 20 na uanze upya. Nusu duara isiyo na kitovu: umepinda mashariki mno, hilo hutokea kwa sababu ufuo wenyewe hautazami kusini kamili na jicho hufuata ufuo.

Usibadili lenzi vilimani. Ukirudi, pangusa viungo vya tripodi kwa kitambaa cha maji matamu usiku huo huo, vifungue na kuvikausha. Chumvi na mchanga vikikaa mpaka asubuhi, visukurubu vitaanza kusaga.

Walio Malindi

Malindi kitovu kipo nyuzi 3 na kidogo juu ya upeo, tofauti ambayo haionekani. Ila mwanga wa mji unabadilisha upande wa kutazama. Vilima vya mchanga vya Mambrui viko kaskazini ya mji, kwa hiyo kusini kunang'aa. Tumia mashariki, baharini, upate yale mabano yaliyopeana mgongo. Kaskazini zaidi ni Ngomeni, na jukwaa la baharini lililorusha satelaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Anayelalamika juu ya satelaiti kwenye picha zake akumbuke kwamba satelaiti ziliwahi kurushwa hata hapa hapa.

Marafa, lile korongo la mchanga mwekundu ambalo Wagiriama huliita Nyari, liko bara, na mwanga wa Malindi unaonekana kusini-mashariki. Geukia magharibi, nyota zishuke wima juu ya minara ya udongo. Hapa tochi ya manjano hufanya kazi kuliko Shela, maana udongo wenyewe ni wa chungwa na waridi: sekunde 3 zinatosha. Lipa ada kwa wenyeji, chukua mwongozaji wao, na uchague mahali pa tripodi mchana. Kingo za korongo humomonyoka kila mvua, na palipokuwa pa kusimama mwaka jana panaweza kuwa pamening'inia. Kaa mita 3 nyuma ya ukingo, na kamera pia.